Trela Letu Kando ya Ziwa Superior: Kumbukumbu za Majira ya Mapukutiko

MWISHONI MWA SEPTEMBA

Alhamisi: Minneapolis hadi Jay Cooke

Safari ya trela, yaani nyumba ndogo ya kulala inayovutwa na gari, huanza kwa kazi isiyotaka haraka. Mume wangu alirudisha pikapu nyuma polepole, nami nikasimama pembeni nikimwelekeza kwa mikono, mpaka kile kichwa cha chuma cha gari kikakaa sawasawa chini ya shingo ya trela. Tukashusha jeki, tukafunga komeo, tukapishanisha minyororo miwili ya usalama chini ya shingo, tukachomeka waya wa taa na breki, na mwisho tukafunga ule waya mwembamba wa dharura ambao, trela likichomoka barabarani, huvutika na kuziamsha breki zake. Kila mmoja wetu hukagua upya kazi ya mwenzake bila kuulizwa, na hakuna anayenuna.

Trela letu lina urefu wa mita sita na nusu hivi, na likijaa mizigo na maji hukaribia kilo 2,200. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito huo inapaswa kulalia shingo, yaani juu ya gari. Uzito ukizidi upande wa nyuma, trela huanza kuyumba gari linapoongeza mwendo, na yumbayumba hiyo ikishakua ni vigumu kuituliza. Ndiyo maana unga wa sembe, vyakula vya makopo na sufuria nzito huwekwa mbele, na viti vya kukunja nyuma. Baada ya kilomita themanini hivi tulisimama kituo cha mafuta tukakaza nati za magurudumu na kushika kila tairi kwa kiganja, kwa kuwa tairi linalochemka kuliko mengine ni dalili ya upepo mdogo au ya breki inayoshika.

Hifadhi ya Jay Cooke iko bara kidogo, kusini-magharibi mwa mji wa Duluth, jimboni Minnesota, Marekani, ukingoni mwa Ziwa Superior, na mto St. Louis unapita katikati yake juu ya mabamba ya mwamba yaliyolala upande. Kuna daraja la kuning'inia la watembea kwa miguu, ambalo mafuriko ya Juni 2012 yalilivunja na likajengwa upya mwaka uliofuata. Tulilivuka jua likielekea kuzama, muda mfupi kabla ya saa moja, kisha tukarudi kambini kupika.

Kambi hii ina umeme wa ampea 30, ambao kwa volti 120 ni wati 3,600 tu. Hita ndogo ya umeme hula 1,500, birika la chai nalo karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo atakayeongeza maikrowevu juu ya hivyo viwili atakula gizani. Usiku halijoto ilishuka hadi nyuzi 2. Huku bara, mbali na ziwa, majani ya nyasi yalikuwa yameanza kuwa meupe alfajiri.

Ijumaa: Vipanga wa Duluth

Uzuri mkubwa wa trela, ukililinganisha na basi la kuishi, ni kwamba ukishafika unaliacha. Tuliweka kabari kwenye magurudumu, tukashusha miguu minne ya kulituliza, tukachomoa gari na kuondoka na gari peke yake, nyumba ikabaki kambini na sufuria zake.

Tulipanda hadi Hawk Ridge, kilima kilicho juu ya Duluth ambako kila mwaka watu huhesabu ndege wa mawindo wanaohamia kusini. Sababu ya ndege hao kupita hapo ndiyo iliyotupa ufunguo wa safari yetu yote. Mwewe na vipanga wanaosafiri mbali hupenda kupanda juu ya hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini ili wasichoke kupiga mabawa. Juu ya ziwa lenye maji baridi hewa hiyo haipo, na Ziwa Superior ni pana mno kulivuka kwa nguvu za mabawa pekee. Basi wakifika ukingoni kutoka Kanada hugeuka na kuufuata ukingo kuelekea kusini-magharibi, na wote hukusanyika juu ya Duluth, mahali ziwa linapoishia. Mnamo Septemba 2003 walihesabiwa zaidi ya laki moja kwa siku moja. Kilele huwa katikati ya Septemba, hivyo sisi tulikuta wachache, hasa vipanga wadogo waliopita chini, karibu na vichwa vyetu, mmoja mmoja na kwa kasi. Sikuhitaji zaidi ya hao.

Mchana tuliteremka kutazama daraja la kuinuliwa la mlango wa bandari. Lilijengwa mwaka 1905 likiwa na kibehewa kilichoning'inia na kuvusha watu na magari kutoka upande hadi upande, na kufikia 1930 lilikuwa limebadilishwa ili barabara yenyewe ipande juu kupisha meli. Tulisubiri mpaka meli ya madini ya chuma ikapita, karibu sana na ukuta tuliosimama, hata mabaharia tukawaona nyuso. Mume wangu ni mzaliwa wa Mwanza, na meli za ziwani si jambo geni kwake, lakini meli za huku nyingine zina urefu unaozidi mita 300. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Mama watoto, hii ikiingia Mwanza Kusini, bandari nzima inabidi isogezwe."

Jumamosi: Barabara ya 61

Tuliondoka mapema na trela nyuma. Kutoka Duluth barabara ya 61 inafuata ukingo wa ziwa hadi mpaka wa Kanada, na kwa anayevuta trela ni barabara ya kistaarabu: milima yake si mikali, ina mahandaki mawili mafupi yenye kimo cha kutosha, na sehemu nyingi za kuegesha zimeachiwa nafasi ya magari marefu. Tatizo ni watu wanaosimama ghafla kupiga picha. Mwenye trela anahitaji umbali mrefu kusimama, nao hawajui.

Ziwa lilikuwa kulia kwetu njia nzima. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 82,000, kubwa kuliko ziwa lolote la maji baridi duniani, na Ziwa Victoria, lenye karibu 69,000, ndilo linalolifuata. Kwa kina, hata hivyo, hayakaribiani kabisa: Victoria hufika mita 80 hivi, na Superior hufika mita 406. Kina hicho ndicho kinachopanga mambo yote ya msimu huu. Maji mengi kiasi hicho hupoa taratibu sana. Wakati wa kiangazi huifanya pwani ibaki na baridi, na mapukutiko yanapofika hurudisha joto yaliyolikusanya, kwa hiyo kijiji kilicho ukingoni kinaweza kukaa wiki kadhaa bila umande kuganda huku vilima vya kilomita kumi tu ndani vikiganda kila usiku.

Tulisimama Split Rock, mnara wa kuongozea meli uliokamilika mwaka 1910 juu ya jabali la karibu mita 40. Ulijengwa baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuharibu meli nyingi kwa mkupuo mmoja. Wakati huo barabara haikuwepo, kwa hiyo matofali na vyuma vyote vililetwa kwa meli na kupandishwa jabalini kwa winchi. Taa yake ilistaafishwa mwaka 1969, lakini huwashwa tena kila tarehe 10 Novemba kuwakumbuka watu 29 waliozama na meli ya Edmund Fitzgerald siku kama hiyo mwaka 1975. Niliuliza kwa nini daima ni Novemba. Jibu ni lile lile: hewa ya baridi kali kutoka kaskazini inakutana na maji ambayo bado yana joto la kiangazi, na upepo unapata nguvu mahali ambapo meli hazina pa kujificha.

Tulipiga kambi Tettegouche, karibu na mto Baptism. Kuni tulinunua hapo hapo langoni, kwa kuwa hifadhi za jimbo hukubali kuni zilizoidhinishwa tu, maana kuni za kutoka mbali huhamisha wadudu. Mdudu mmoja wa kijani mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Minnesota mwaka 2009, ameua miti mingi sana kwa kusafiri ndani ya magogo ya watu waliokwenda kambini kwa nia njema.

Jumapili: Wekundu wa Oberg

Tuliacha trela Tettegouche tukaendesha kama kilomita 45 hadi mlima Oberg, jirani na Tofte. Tulifika kabla ya saa mbili asubuhi, na eneo la maegesho lilikuwa limeshajaa nusu. Kufikia saa nne magari yalikuwa yamejipanga kandokando ya barabara ya vumbi, na ninawahurumia waliokuja na matrela yao huko, kwa kuwa hapana pa kugeuzia.

Njia inazunguka mlima kwa kilomita chini ya nne, ikitoka nje ya miti kila baada ya hatua mia kadhaa. Upande mmoja ni ziwa, upande mwingine ni mabonde ya miti ya mepo, ile ambayo utomvu wake huchemshwa kuwa sharubati. Mti huo huku kaskazini hukaa juu ya migongo ya vilima, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito, huteremka na kulala mabondeni, na migongo inabaki na nafuu. Ndiyo maana ukitazama kutoka juu, wekundu unaonekana umefuata mistari ya vilima, na mabonde yamebaki kijani cha misonobari.

Wengi wetu tuliokulia karibu na ikweta tulidhani kwamba jani hugeuka rangi kwa sababu linakufa tu. Mambo yana undani zaidi. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua, na rangi ya manjano, ambayo ilikuwepo kiangazi chote, inajitokeza. Wekundu ni habari tofauti: jani la mepo huutengeneza wakati huo huo wa mwisho, kwa sukari iliyobaki ndani yake, na huutengeneza vizuri zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofikia kuganda. Mwaka wa mawingu na mvua hutoa wekundu hafifu.

Pamoja na hayo yote, nikiri upendeleo wangu: sijaona kwa nini mepo ipewe sifa peke yake. Chini yetu, kando ya ziwa, mibetula yenye magome meupe ilikuwa bado ya kijani kabisa. Ziwa lilikuwa linaichelewesha. Tulikubaliana kurudi.

Jumatatu

Mvua tangu alfajiri. Tulimwaga maji machafu kwenye kituo cha kambi, tukafunga na kurudi nyumbani. Kuvuta trela kwenye mvua hakuna la kusimulia zaidi ya kuacha nafasi kubwa mbele yako.

WIKI YA PILI YA OKTOBA

Ijumaa: Moja kwa moja hadi Grand Marais

Safari ya kilomita zaidi ya 400, na tulifika jioni. Kuanzia Two Harbors na kuendelea, barabara yote ilikuwa ya manjano: mibetula na miti ya aspeni iliyokuwa ya kijani wakati ule sasa ilikuwa imewaka, na juu, kwenye vilima, mepo ilikuwa imebaki matawi matupu ya kijivu. Rangi ilikuwa imeshuka kutoka vilimani hadi majini, kama tulivyotarajia.

Kambi ya mji wa Grand Marais iko ukingoni mwa ziwa, na tulipewa nafasi ambayo dirisha la nyuma la trela linatazama bandari. Tulichagua pwani kwa makusudi. Hifadhi nyingi hufunga mabomba ya maji kambini katika wiki hizi ili yasipasuke, na trela nalo lina mabomba membamba ya plastiki yanayopita chini ya sakafu. Usiku mmoja wa kuganda sawasawa unaweza kuyapasua, nawe usijue mpaka ufungue pampu. Tulikuja na tangi letu likiwa limejaa kutoka nyumbani, na tukaliacha bomba la nje likiwa limechomolewa usiku. Pwani ilikuwa nyuzi 4. Redio ilisema vijiji vya ndani vilikuwa chini ya sifuri.

Jambo linalowasumbua wanaolala ndani ya trela wakati wa baridi ni unyevu kuliko baridi yenyewe. Watu wawili wakipumua usiku kucha, na sufuria ya ugali ikitoa mvuke juu ya jiko la gesi, ambalo nalo likiwaka hutoa mvuke wake, asubuhi maji yanatiririka madirishani na godoro linaloa upande wa ukuta. Dawa yake inaonekana ya kijinga mpaka uijaribu: unafungua kidogo tundu la paa na dirisha moja, unapoteza joto kiasi, na unalala pakavu. Mume wangu alipinga jambo hili kwa miaka. Sasa yeye ndiye anayelifungua.

Jumamosi: Mto unaogawanyika

Kilomita 22 kaskazini-mashariki mwa Grand Marais iko hifadhi ya Judge C. R. Magney, na ndani yake mto Brule unafika kwenye mwamba unaoupasua pande mbili. Upande wa mashariki unaanguka kama maporomoko ya kawaida, mita 15 hivi, na kuendelea na safari. Upande wa magharibi unatumbukia ndani ya shimo la mviringo la mwamba, na hautoki. Watu wanaliita Birika la Shetani. Kwa vizazi kadhaa wageni wametupa humo magogo na mipira midogo wakingoja vitokee ziwani, na havikuonekana, na hadithi zikaota: kwamba kuna mto wa chini ya ardhi, kwamba maji hutokea Kanada.

Kufika hapo ni mwendo wa chini ya kilomita mbili, na kabla ya shimo unateremka ngazi nyingi za mbao ambazo magoti yanajua kuwa yatazipanda tena. Njia nzima ilifunikwa majani ya manjano yaliyolowa, na yaliteleza kuliko barafu. Tulikaa kwenye jukwaa la kutazamia kwa zaidi ya saa moja. Akili inakataa kile jicho linachokiona: maji mengi, yenye nguvu ya kuvunja gogo, yanaingia ndani ya mwamba na kelele zake zinaishia humo.

Wanasayansi wa idara ya maliasili ya jimbo walitatua jambo hili kwa njia rahisi sana. Walipima maji yanayopita juu ya shimo na yale yanayopita mtoni chini yake, na mwaka 2017 wakatangaza matokeo: futi za ujazo 123 kwa sekunde juu, na 121 chini, yaani kiasi kimoja. Maji hayaendi popote. Hurudi mtoni chini kwa chini, karibu tu na hapo, na magogo husagwa na nguvu ya mzunguko. Mwamba wenyewe ulitokana na volkano, na aina hiyo ya mwamba haichimbiki mapango marefu kama chokaa inavyochimbika, kwa hiyo hadithi ya mto wa siri haikuwa na pa kupita tangu mwanzo. Tulimkuta mzee mmoja aliyesikitika kwamba jibu limepatikana. Mimi naona kinyume chake: shimo halikupungua kitu kwa kupimwa.

Jumapili: Gunflint

Tulipanda na gari peke yake barabara ya Gunflint, ambayo inaanzia Grand Marais na kuingia msituni kilomita zaidi ya 90. Ndani ya dakika kumi na tano za kupanda kipimajoto cha gari kilishuka kwa nyuzi tano, na kandokando ya barabara madimbwi yalikuwa na ngozi ya barafu. Mibetula ya huko ilikuwa imeshapukutika. Badala yake, kwenye maeneo ya majimaji, ilisimama tamaraki, mti wa jamii ya misonobari ambao, tofauti na ndugu zake, huangusha sindano zake zote kila mwaka baada ya kuzigeuza rangi ya dhahabu. Ni mti wa mwisho katika foleni. Baada yake hakuna rangi tena mpaka Mei.

Tukiteremka tulinunua samaki wa kuvutwa moshi mjini, na mchele wa porini, ambao Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, huuvuna maziwani mwishoni mwa kiangazi kwa mitumbwi, mmoja akisukuma kwa upondo na mwingine akiinamisha mashina na kuyagonga kwa vijiti ili nafaka ianguke ndani. Huiva polepole kuliko mchele wetu, na una ladha inayokaribia ya mtama. Tulikula kwa samaki na kachumbari, na pilipili tuliyoileta wenyewe.

Jumatatu: Upepo

Tulikuwa tuondoke leo. Tangu saa tisa usiku upepo wa kaskazini-mashariki ulikuwa unalisukuma trela ubavuni, na asubuhi idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa onyo la upepo mkali kwa ziwa lote. Mawimbi yalipanda juu ya ukuta wa bandari na kumwagika upande wa pili. Trela ni sanduku refu lenye kuta pana na uzito mdogo, na barabara ya 61 ina sehemu ambazo upepo hutoka ziwani bila kizuizi. Hakuna ratiba inayostahili kupambana na hilo. Tulikunja turubai la kivuli, tukakaza tena miguu ya trela, tukamlipa mtunza kambi usiku mwingine.

Siku ilikwenda kwa chapati, karata na usingizi. Sijui wenzetu wengine, lakini nafasi ya mita sita na nusu humfundisha kila mmoja wapi pa kuweka miguu yake. Jirani aliwasha jenereta ili kutazama mpira, ingawa umeme ulikuwa hatua tatu kutoka mlangoni kwake. Hilo nalo lilipita.

Jumanne: Kurudi na kulifunga trela

Upepo ulitulia alfajiri. Tulisafiri kwa kilomita 90 kwa saa bila haraka, na saa tisa alasiri tulikuwa nyumbani, ambako kazi ya mwisho ya mwaka ilikuwa inatungoja, kwa kuwa usiku wa Minneapolis sasa ulikuwa baridi kuliko ule wa Grand Marais.

Tulifungua vizibo vya chini na kuacha tangi na mabomba yote yamwagike. Hita ya maji tuliiacha ipoe na kutoa mgandamizo kabla ya kufungua kizibo chake, halafu tukageuza vali ili maji yaipite bila kuingia. Kisha mume wangu alichovya mrija wa pampu ndani ya dumu la dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya maji ya kunywa, ambayo isichanganywe kamwe na ile ya rejeta ya gari, kwa maana ya gari ni sumu. Nilifungua bomba moja baada ya jingine, kuanzia lililo karibu na pampu: upande wa baridi mpaka waridi ionekane, upande wa moto mpaka ionekane, kisha bafu na choo. Kikombe kimoja kilimwagwa kwenye kila tundu la sinki. Dumu mbili zilitosha.

Betri tuliitoa na kuiweka gereji, mitungi ya gesi tukaifunga, na friji tukaiacha wazi isiote ukungu. Hifadhi za jimbo hupokea maombi ya nafasi siku 120 kabla, kwa hiyo nafasi ya Tettegouche kwa ajili ya Oberg ya mwakani itabidi iombwe mwishoni mwa Mei, saa mbili kamili asubuhi, vidole vikiwa tayari.